Shangazi Anataka Mkanda Wake

Simu ya shangazi huita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla muuza vitumbua hajapita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mkanda umefika wapi?"

Hakuna mkanda. Nimeshamweleza kwamba mikanda ilikwisha zamani, siku hizi video inakaa kwenye kadi yenye ukubwa wa stempu ya barua. Alisikiliza vizuri, akanishukuru kwa elimu, kesho yake akapiga tena: "Haya baba, hiyo kadi nimeielewa. Mkanda wake umefika wapi?"

Hii ni wiki ya sita. Bibi harusi ameshaolewa, ameshazoea ukweni, nasikia ameanza hata kuwachoka. Mimi bado niko kwenye sendofu yake, dakika ya 52, namtazama mzee nisiyemjua akichokonoa meno.

Katika ukoo wetu mwenye laptopu ndiye fundi. Haijalishi laptopu anaifanyia nini. Mimi yangu naiandikia barua za ofisi na safu hizi, lakini nimeshaitwa kurekebisha king'amuzi, printa ya shule, na siku moja friji, kwa sababu friji ile ilikuwa na kitaa kinachowakawaka. Kwa hiyo kwenye kikao cha tatu cha kamati ya sendofu, bajeti ilipofika kwenye mstari wa picha za mnato na video, na mweka hazina alipoisoma ile bei kisha akavua miwani akaifuta akaisoma tena, macho yote yalinigeukia. Ningenyamaza ningekuwa salama. Nikasema, "Video tuachieni sisi. Kamera ipo, na kuunganisha ni kukatakata tu."

Nikapigiwa makofi. Ndiyo makofi pekee niliyopata katika shughuli nzima.

Kamera yenyewe ilitumwa na binamu yangu wa Texas miaka mingi iliyopita, ndani ya begi la viatu. Ubavuni imeandikwa Full HD 1080 kwa herufi za fedha. Kazi ya kupiga tulimpa mpwa wangu, kijana mwenye kipaji kikubwa cha kula. Aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza meza kuu, akaichomeka kwenye umeme, akaiwasha, akaenda kwenye foleni ya pilau. Ilirekodi saa nne mfululizo bila kupumzika. Kijana alirudi mara moja tu, nadhani kuangalia kama haijaibwa.

Sasa kadi za kamera hizi zina mpangilio wake. Unafungua unakuta folda inaitwa PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, na ndani ya BDMV ndipo kuna STREAM, CLIPINF na PLAYLIST. Ni kama nyumba ya Uswahilini: unapita barazani, unapita ukumbini, unapita uani, ndipo unamkuta unayemtafuta. Picha zinaishi STREAM, nazo zina majina ya mahabusu: 00000.MTS, 00001.MTS, kuendelea. Mpango huo ulibuniwa na makampuni mawili makubwa ya Japani mwaka 2006, na kusema kweli hesabu yake ni nzuri. Saa nzima ya picha safi inaingia kwenye GB 8 hivi. Ila kamera yetu haiachi faili likue kupita GB 2. Likifika hapo inalifunga na kufungua jingine, kila baada ya dakika 16 hivi, mchana na usiku, awe anaongea bwana shamba au askofu. Vile vifaili vidogo vilivyo kwenye vyumba vingine ndivyo vinavyokumbuka kwamba 00006 na 00007 ni mtu na ndugu yake, wasitenganishwe.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia akinikabidhi diski, "nimekuwekea zile kubwa kubwa, ziko 15. Zile ndogo nilizifuta, zilikuwa zinajaza kadi."

Vile vidogo vyote kwa pamoja havizidi uzito wa picha chache za simu. Alichagua kwa ukubwa, kama mtu anayechagua viazi sokoni. Kisha kadi yenyewe akaifomati, akarekodia mechi ya mtaani.

Hilo sikulijua uzito wake wakati ule. Nilikuwa na furaha. Nilifungua programu ya kueditia, ile wanayoitoa bure, nikayavuta mafaili ndani, nikabofya. MC akatokea, akafumbua kinywa, akainua mkono, ukumbi mzima ukacheka. Kimya. Hata upepo hausikiki. Nikaongeza sauti ya laptopu, nikaongeza ya spika, nikazichomoa spika nikazichomeka, nikazima kompyuta nikaiwasha. Nilitumia siku mbili kwenye kazi hiyo. Shangazi alikuja jioni ya pili, akaniomba nimfungulie "kwenye ile ya koni", maana kwenye laptopu yangu ipo VLC, na alama yake ni koni ya barabarani. Nikafungua. MC akasema, "Mabibi na mabwana!" mpaka paka akakimbia.

"Si hii inaongea?" akasema shangazi. "Tumia ya koni."

Ya koni ni ya kutazamia, si ya kukatia. Nilijaribu kumweleza kwamba kamera imeandika sauti kwa mtindo wa AC-3, na kwamba ile programu ya bure haikupewa ruhusa ya kuusoma, kwa hiyo inaona picha halafu inajifanya kiziwi. Akanitazama kama ninavyomtazama fundi bomba. Dawa ilikuwa kuitoa sauti peke yake, kuigeuza kuwa WAV na kuirudisha chini ya picha. Mafaili 15, mchana mmoja.

Sauti ikapatikana, laptopu ikagoma. Kila nikibofya, picha inatembea hatua tatu inasimama, hatua tatu inasimama, kama daladala isiyo na abiria. Nilidhani ni virusi. Baadaye nikaelewa kwamba kamera hizi haziweki kila picha nzima. Zinaweka picha moja kamili, halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu, mithili ya jirani anayekusimulia: kama jana, ila baba mwenye nyumba amebadili shati. Ukiirukia picha ya katikati, kompyuta inabidi irudi nyuma hadi kwenye ile nzima, isome umbea wote kwa mpangilio, ndipo ijue MC ameshika nini. Laptopu yangu ni ya mwaka ule ambao wali nyama ulikuwa bado chakula cha kila siku. Haikuumbwa kwa umbea wa kasi hiyo.

Wenye uwezo huzigeuza video kama hizi kuwa za mtindo mzito, ambao kila picha inasimama yenyewe. Ila hapo saa moja inakula zaidi ya GB 50, na mimi nilibakiwa na 40 kwenye diski nzima. Nikatengeneza proksi, yaani nakala ndogo hafifu za kufanyia kazi, na zile halisi zinasubiri siku ya mwisho. Tangu hapo nikawa naihariri sendofu ambayo watu wake wote wana sura za ukungu. Mke wangu alipita nyuma yangu, akainama, akauliza, "Hii ndiyo HD?" Sikumjibu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unalala sebuleni.

Halafu kukawa na meno. Wakati wa ukoo wa bwana harusi kuingia wakicheza, kila aliyeinua mkono, mkono wake uliota meno ya chanuo. Waliokaa, safi kabisa. Wanaocheza, chanuo. Nilirudi kwenye ubavu wa kamera na miwani ya kusomea, na hapo nikaona kwamba baada ya ile 1080 kuna kiherufi i, kidogo, kimejibanza kana kwamba kinadaiwa. Hicho ndicho chenye kesi. Maana yake kila picha moja imesukwa kwa nusu mbili: mistari ya witiri ni ya sasa hivi, na mistari ya shufwa ni ya sekunde moja ya sitini baadaye. TV ya chogo ilikuwa inazionyesha kwa zamu na jicho halikushtuka. Kioo cha kompyuta kinazimwaga zote mbili kwa pamoja, na mkono uliokwisha kusogea unaonekana uko sehemu mbili.

Kuna mahali pa kubofya ili programu izifumue nusu hizo. Nikabofya. Ila kuna swali inaulizia hapo: nusu ipi inatangulia, ya juu au ya chini? Nikachagua ya chini, bila sababu, kama mtu anavyochagua foleni ya benki. Meno yakaisha. Sasa kila anayecheza akawa anakwenda hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, anatetemeka hapo, anaendelea. Shangazi, ambaye siku ile alicheza kwa heshima zake zote na kitenge chake cha sare, alionekana kama kashikwa na homa ya malaria katikati ya ukumbi. Kwa video za HD inatangulia ya juu. Naliandika hapa ili walau mtu mmoja nchini apone.

Katika haraka ya kumtuliza shangazi nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilimtengenezea kionjo. Dakika tatu tu: bibi harusi anaingia, keki inakatwa, na kaka yangu, baba wa binti, anatoa wosia. Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Alishika maikrofoni, akakohoa, akasema sentensi moja nzito, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, nami nikakata palepale kwenye vigelegele. Nilikuwa nayatazama meno, sikuwa nasikiliza maneno. Nikairusha kwenye grupu la familia saa tatu usiku, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nilikuta simu 11 ambazo sikuzipokea. Ya kwanza ilikuwa ya mshenga.

"Tumeupokea wosia," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi. "Upande wa bwana tumekaa tangu jana tunauliza: baba alikuwa na maana gani?"

Nikafungua kionjo. Kaka yangu, suti ya kijivu, kidole juu: "Mwanangu, ukigombana na mumeo," hapo picha inaruka kidogo kama mtu mwenye kwikwi, "mwambie kila mtu." Vigelegele.

Ninamjua kaka yangu miaka 48. Alisema "usimwambie". Ukumbi mzima ulisikia "usimwambie". Lakini GB 2 zilikuwa zimetimia palepale baada ya "mumeo", kamera ikafunga 00006 na kufungua 00007, na ile "usi" ikaangukia kwenye kizingiti. Kamera haitazami sentensi inaishia wapi, inatazama uzito tu. Kipande cha sauti kinabaki kichwa huku na miguu kule. Kwa kuwa vile vifaili vidogo vya undugu vilikwisha kufutwa, programu inaona kichwa kisicho na miguu, inakitupa. Ni chini ya nusu sekunde. Angekuwa anaongea lugha nyingine pengine angepoteza kohozi. Kwa Kiswahili nusu sekunde hiyo ndiyo tofauti ya wosia na uchochezi.

Kaka hakunisemesha siku nne. Aliyenipigia ni bibi harusi mwenyewe, anacheka mpaka hewa inamwishia, akaniambia, "Baba mdogo, mama mkwe tangu jana ananipikia yeye."

Nilibeba diski nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kwenye meza yenye upana wa sinia. Nilimsimulia yote, tangu kikao cha tatu cha kamati. Hakuniacha nimalize. Alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, lile la maandishi matupu ambalo nililiona mara ya mwisho enzi za disketi, akaandika copy, mkwaju, b, kisha majina ya mafaili mawili yenye alama ya kujumlisha katikati, kisha jina jipya. Akabonyeza. Mafaili yakashikana kichwa kwa miguu kama yalivyokuwa yanatoka kwenye kamera. Tukasikiliza. "Ukigombana na mumeo, usimwambie kila mtu."

"Shilingi elfu tano," akasema kijana.

"Mstari mmoja?"

"Mzee, wewe umekaa nayo muda gani?"

Nililipa. Nilirudi nyumbani nikayaunganisha yote 15 kwa mtindo huo, na ikabidi nianze kazi upya tangu mwanzo, kwa sababu kila nilipokuwa nimekata palikuwa pamehama. Sauti nayo niliitoa tena na kuigeuza tena. Shangazi alipiga katikati ya shughuli hiyo. Nilimwambia mkanda uko njiani.

Yapo yasiyotibika. Ukumbi ule una taa za mirija, na kwenye video nzima mwanga unapanda na kushuka mawimbi mawimbi. Kamera ya Texas imezaliwa kwenye umeme wa hezi 60, na huku kwetu ni hezi 50. Taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kamera inahesabu kwa sitini, hawakutani. Dawa ilikuwepo, lakini ni ya siku ile ile: kuiweka shata ya kamera kwenye moja ya mia kabla ya kuanza. Mwenye jukumu hilo alikuwa kwenye foleni ya pilau. Nimeambiwa niseme kwamba ilikuwa disko.

Na ndafu haimo, kwa sababu ndafu haikupita mbele ya meza kuu. Aliyeirekodi kwa simu ni dada yangu. Nikaichukua, nikaipachika, na baada ya dakika mbili watu wanashangilia kabla kisu hakijagusa mbuzi. Simu nyingi hazina idadi moja ya fremu kwa sekunde, zinaongeza na kupunguza zinavyojisikia, na programu za kuediti hazipendi mtu wa namna hiyo. Niliipitisha kwenye HandBrake, nikailazimisha iwe na idadi moja, mbuzi akakatwa kwa wakati wake.

Siku ya kurenda, yaani kuipika video yote kuwa faili moja, niliamka mapema kama mtu anayesafiri. Dakika 95 za video, na laptopu ikaniahidi saa sita. Niliifungulia feni ya mezani. Watoto nikawakataza kupita karibu, ijapokuwa sijui kupita kwao kungedhuru nini. Asilimia 40, nikala. Asilimia 70, nikaanza kutabasamu na watu. Asilimia 91, giza. Betri ya laptopu yangu ni pambo.

Haukuwa umeme kukatika. Nyumba za jirani zote zilikuwa zinawaka. Ilikuwa LUKU.

"Imelia tangu jana," mke wangu akasema kutoka jikoni, kwa upole ule unaouma. "Nilijua unaisikia."

Nilinunua umeme, nikaanza asilimia sifuri.

Usiku wa manane faili likapatikana, GB 7, safi, lina sauti, halina meno, lina "usi". Asubuhi niliingiza flashi ya shangazi nikalinakili. Kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno. Nikampigia shangazi, akakasirika kwa haki. "Flashi nimenunua ya GB 32, tupu. Saba inakosaje pa kukaa?" Ikabidi niseme, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali, kwamba flashi imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ndani kuna nafasi ya kulaza ng'ombe. Ningeweza kuifomati mtindo mwingine, lakini TV ya shangazi ni ya zamani na nilikuwa sina nguvu ya kugombana na chombo kingine. Nikaikata video mara mbili. Safari hii pa kukatia nilichagua mwenyewe: wakati watu wanakwenda kunawa mikono, hakuna anayesema neno.

Jumamosi tukakaa sebuleni kwa shangazi, sisi na majirani na mtu wa bucha. Alitazama dakika 95 bila kuinuka. Alipojiona akicheza alirudisha nyuma mara tano. Wosia ulipofika, kaka yangu akasema maneno yake yote, kamili, bila kwikwi. Nikamgeukia shangazi nisubiri shukrani.

"Mkanda ni mzuri," akasema. "Lakini pale kwenye wosia mmepaharibu. Ule wa kwanza ulikuwa na mafundisho zaidi."

Kamera inauzwa. Ina chaja, begi, miguu mitatu na kadi moja yenye mechi ya mtaani. Bei ni maelewano. Atakayeinunua asinipigie simu.